Makabidhiano

Tsuma, funguo hizi hapa. Ya mlango, ya stoo,
na hii ndogo yenye uzi mwekundu ni ya kabati la chakula cha Hakimu.
Kufuta viti utajua mwenyewe.
Mimi nataka kukukabidhi samaki.

Ni oska. Shubiri moja na nusu, na bado anataka kukua.
Alikuja kwenye mfuko wa nailoni, mdogo kama sarafu ya ishirini,
mwaka ule Daktari Shamim alipofungua kliniki hapa Tudor.
Walikuwa wawili.
Yule wa pili nilimuua mimi,
kwa kumlisha.

Kila nilipopita alipanua kinywa, nami nikatia.
Sikujua kwamba haombi kwa sababu ana njaa;
anaomba kwa sababu amekuona.

Basi shika hili: asubuhi punje nane.
Jioni kamba wawili, uwamenye, watoke kwa Mbeyu wa Kongowea,
si wale waliolazwa kwenye barafu tangu juzi.
Nyungunyungu wachimbe shambani, usiwatoe mtaroni.
Moyo wa ng'ombe mara moja kwa mwezi, bila shahamu,
maana shahamu hukaa tumboni mwake kama deni.
Ijumaa hali kitu.
Atakukodolea jicho kama mtu aliyenyimwa mirathi.
Mwache akukodolee.

Jihadhari na wagonjwa. Mtu mwenye jino bovu ana huruma ya ajabu:
shavu limemvimba, mwenyewe hawezi kutafuna,
anamtupia samaki hamri lake.
Mtoto mmoja alimwaga mabuyu, pakiti nzima,
na kutwa maji yakawa na rangi ya midomo ya watoto.

Maji, sasa.
Ya bomba yana dawa; yalaze kwenye pipa, wazi, hadi kesho yake.
Ya mkokoteni yaonje kwanza. Usicheke, yaonje!
Wako wanaochota visima vya chumvi wakaapa ni matamu.
Dirishani hapo unaiona ghuba, maji hadi macho yachoke,
na humo Hakimu asingeiona adhuhuri.
Watu husema maji ni maji. Waseme.

Kila Jumamosi badilisha robo ya tangi. Si nusu. Si lote.
Fyonza taka za chini kwa mpira.
Utameza kidogo. Sote tumemeza.

Ukimwona na vitundu kichwani, kama meno yaliyotoboka,
usikimbilie dawa. Safisha maji, punguza chakula, subiri.
Daktari naye huwaambia hivyo wenye ufizi mbovu:
mswaki kwanza, koleo baadaye.

Na stima ikipotea, pampu hunyamaza,
na ukimya ule utausikia hata ukiwa uani.
Aprili ile ya mvua ilipotea tangu magharibi.
Nilichota kwa kopo, nikainua, nikamimina,
nikachota, nikainua, nikamimina, ili hewa iingie.
Nilipofika elfu niliacha kuhesabu.
Asubuhi Daktari alinikuta kwenye kiti cha wagonjwa, kinywa wazi,
mkono umelowa hadi begani.
Hakusema neno. Wiki iliyofuata akaleta pampu ya betri.
Iko stoo, rafu ya juu, nyuma ya makasha ya glavu.

Jambo la mwisho.
Atakususa.
Atalala ubavu pale chini, na utadhani amekufa.
Hajafa, amenuna. Anahesabu nyayo, na zako si zangu.
Usimbembeleze kwa chakula.
Simama tu karibu na kioo, kila siku saa ileile,
mkono umetulia.

Siku akila mkononi mwako, nipigie.
Akikataa, pia nipigie.
Nina gego huku nyuma, miaka sasa linanisumbua,
na sijawahi kupata nafasi ya kulionyesha.